Kumtafuta Kasereka hadi Mbau

Sababu ya safari yangu ilikuwa karatasi, na karatasi ililetwa na mdogo wangu Kavira. Huyu Kavira anaishi Irlande, kisiwa cha wazungu kilicho kando ya Uingereza, na kazi yake huko ni kuhudumia wazee. Bibi mmoja kati ya wale wazee alimpenda sana, akamchukua siku moja hadi kwenye mkutano wa ukoo wao. Kavira alirudi kutoka huko kichwa kimemgeuka. Alitusimulia kwa simu kwamba watu wa jina moja walitoka Amerika na Australia, watu ambao babu zao walikimbia njaa zamani, wakakutana katika ukumbi wa kijiji na kubandika ukutani karatasi ndefu yenye majina ya ukoo tangu mababu. Kila mtu alileta kipande chake: huyu picha, yule jina la kilima, mwingine hadithi aliyoachiwa na nyanya yake. Wanaume wazima walilia walipoona babu yao ameandikwa mahali pake. Kisha yule bibi akamgeukia Kavira, akamuuliza: "Na ya kwenu iko wapi?"

Basi alipokuja likizo alikuja na karatasi ya namna hiyo, imekunjwa kama mkeka, akatangaza mkutano wa ukoo wetu nyumbani kwa papa, baba yetu, mtaa wa Bulengera hapa Butembo. Mimi ni Masika, binti wa kwanza. Ninaishi Vulamba, ninauza nyuzi, vifungo na zipu, na subira sikupewa. Nilimwambia wazi kwamba mambo ya wazungu yatatushinda. Alinicheka, akasema mimi napinga kila kitu tangu utoto.

Shida ilianza siku ile ile. Wenzetu wa Irlande wana jina moja linalotoka kwa baba kwenda kwa mtoto, unalivuta kama uzi mpaka unafika mwanzo. Sisi Wanande jina la mtoto ni zamu yake ya kuzaliwa. Mvulana wa kwanza wa mama ni Paluku, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule, na wasichana wana majina yao vilevile, Masika wa kwanza, Kavira wa pili, Kahambu baada yao. Mama mwingine akianza kuzaa, hesabu inaanza upya. Kabla ya chakula cha mchana karatasi ilikuwa imejaa akina Kambale, na Kavira amekaa chini na kalamu yake, karibu kulia.

"Peleka hii Irlande," nikamwambia. "Batasema Butembo kuko mutu moja tu, anazaliwaka kila mwaka."

Papa hakucheka. Yeye ni Kakule, na ndiye mkubwa wa ukoo sasa, maana kaka zake Paluku na Kambale walikufa. Kwenye karatasi Kavira alikuwa amefika kwa watoto wa mama yake papa, ameandika Paluku, Kambale, Kakule. Mtu wa kwetu akisoma hivyo anauliza mara moja: Kasereka yuko wapi? Sisi watoto tulikuwa na jibu letu tangu zamani, kwamba alikufa mdogo. Watoto wengi walikufa wadogo wakati ule. Kavira akachukua kalamu achore msalaba mahali pa wa tatu.

"Hapana weka musalaba pale," papa akasema. "Kasereka hakukufa. Balimutoa."

Ndipo akatueleza. Babu yetu, aliyeishi milima ya Lubero, alikuwa na dada, jina lake Kanyere, aliyeolewa na mtu aliyeshuka kufanya kazi Mbau, kupita mji wa Beni. Kanyere hakuzaa. Mume wake alianza kusema atamrudisha kwao. Babu akaona ana wavulana watatu na dada yake hana hata mmoja. Akamchukua yule wa tatu, alipoacha kunyonya, akampeleka Mbau. Papa alizaliwa baadaye. Mama yake alikuwa akilia kila aliposikia jina la Kasereka, mpaka babu akakataza lisitajwe tena nyumbani. Mama huyo alimwambia papa siri hiyo alipokuwa mgonjwa wa kufa.

"Na wewe hukumutafuta?" Kavira akauliza.

"Nilingojea yeye akuye. Mukubwa ndiye anaamua siku ya kuonana. Kisha vita, kisha barabara. Miaka ikapita." Papa akaninyoshea kidole mimi, si Kavira. "Masika, enda Mbau. Kama alikufa, uone kaburi. Kama ni muzima, umuambie akuye. Mimi siwezi kufungua mukutano ya ukoo sawa mukubwa, na mukubwa yangu pengine eko anapumua."

Mkutano ulikuwa umepangwa Jumamosi ya juma lililofuata, na watu walikuwa wameshaalikwa hadi Lubero. Nilimjua papa. Akisema hafungui, basi hafungui, hata kuku zikiharibika.

Niliondoka Butembo asubuhi ya Ijumaa, ukungu bado umelala juu ya mabati. Nilipata nafasi mbele katika gari la mfanyabiashara anayeshusha viazi na kabichi Beni, jirani yangu wa soko, mtu mpole asiyeuliza mengi. Nilivaa makoti mawili. Nyuma niliweka mfuko wa nyuzi na zipu, maana nina wateja Beni na sioni kwa nini mtu asafiri mikono mitupu.

Kuanzia Maboya barabara inapinda na kuzunguka kwenye vilima, mashamba yamebandikwa kila upande mpaka juu, maharagwe, migomba, mikalitusi. Kwenye mteremko wa Kabasha dereva alipunguza mwendo, akapiga ishara ya msalaba, nami nikapiga yangu. Nilimuuliza kama anaogopa. "Mama, mimi naogopaka kila siku," akasema, "mais, lakini viazi hazijui kutembea peke yake." Tukacheka. Kila tuliposhuka hewa ilizidi kuwa nzito na ya joto, nikavua koti moja, kisha la pili.

Nilikuwa nikiwaza juu ya nyanya yangu, mama yake papa. Nilimkumbuka kama mwanamke mkali anayegombana na mbuzi. Sikuwahi kujua kwamba alinyang'anywa mtoto na kufungwa mdomo. Nilimkasirikia babu, na babu ameshazikwa zamani, kwa hiyo hasira haikuwa na pa kwenda. Nikakaa nayo mpaka Beni.

Beni nilipokewa na Mama Katungu, mjane wa binamu yangu. Anauza mafuta ya mawese, anaimba kwaya ya Waprotestanti, na anaongea bila kituo. Alinikumbatia, akaangalia makoti yangu, akasema watu wa Butembo wanatembea na baridi yao mkononi. Nikamweleza kazi iliyonileta.

"Donc, basi, unatafuta muzee Kasereka, mwenye alitoka juu ku Lubero akiwa mutoto."

"Ndiyo."

"Ile ni kazi ya bure, shemeji. Hapa Kasereka ni wengi kuliko nzige." Lakini macho yake yalikuwa yameshawaka. Anapenda mambo kama hayo. "Tutatangaza. Wewe kwa Bakatoliki, mimi kwa betu. Batu ya Mbau bengi bamekimbilia hapa mujini juu ya mauaji. Kama eko, mutu atasikia."

Jumapili ikatangazwa makanisani, baada ya misa kwetu na kabla ya sadaka kwao: anatafutwa mzee Kasereka, aliyetolewa akiwa mtoto kutoka milima ya Lubero, afike kwa Mama Katungu wa mafuta. Tulipika chai nyingi tukangoja.

Mchana wakaanza kuja akina Kasereka. Wa kwanza alikuwa mzee kweli, lakini alizaliwa Oicha na mama yake bado alikuwa hai. Alikuja kuona tu ni Kasereka gani mwenye bahati ya kutafutwa. Mwingine alisema baba yake alitoka "kule juu", hakujua wapi. Mwingine alikuwa fundi cherehani mwenye umri wa mtoto wangu, nikamuuzia nyuzi. Mama Katungu aliwahoji kama polisi. Tulicheka sana, mimi na yeye, mpaka alipokuja yule wa mwisho.

Alikuwa mwanaume wa miaka thelathini na kitu, na mke wake nyuma yake. Alikataa kuketi.

"Mama, najua siko muzee," akaniambia. "Mais batu yangu yote ilibakia kule, baliuawa kwa barabara ya Oicha. Niliposikia kanisani kama kuko ukoo inatafuta Kasereka, niliwaza pengine munatafuta na bajukuu."

Nilimuuliza mababu zake, nikamuuliza mama aliyemzaa babu yake, kilima, kila kitu. Hakuna kilichokutana na chetu. Ilibidi nimwambie hapana. Mke wake aliangalia chini. Nikawapa chai, wakanywa, wakashukuru, wakaenda zao. Mimi nilijisikia kama mtu aliyefungua mlango akaufunga usoni pa watu. Tulikuwa tumetangaza kwa furaha, bila kufikiri ni wangapi katika mji huu wangependa kutafutwa.

Jioni tulikula bugali na sombe ya majani ya muhogo, na Mama Katungu akaanza kunisimulia habari za wanawe, nani anasoma, nani anamsumbua. Akataja Masika wake.

"Mimi nilijua binti yako wa kwanza ni Kavira," nikasema.

"Wa tumbo, ndiyo. Masika ni wa dada yangu marehemu. Kwao alikuwa Kahambu. Mais alifika kwangu mbele nizae. Nyumba yangu ilikuwa tupu. Mutoto wa kwanza anaingia ndani, nitamuitaje Kahambu? Nilimuita Masika."

Aliendelea kuongea. Mimi nilikuwa nimeshika tonge hewani. Kanyere hakuwa na mtoto. Nyumba yake ilikuwa tupu. Mvulana wa kwanza kuingia ndani ni nani?

"Katungu!" nikapiga kelele. "Ye hapana Kasereka! Kule anaitwa Paluku!"

Akapiga mikono. "Ee Mungu wangu! Na sisi tumesumbua kanisa mbili!"

Mtu asiyekuwa wa kwetu asingekosea hivyo. Angeuliza tu: yuko wapi mtoto wa Kanyere? Sisi, kwa kuwa tunaamini jina linamkaa mtu kama kidole, tulitafuta jina, mtu tukamwacha.

Kesho yake asubuhi tulichukua pikipiki mbili kwenda Mbau. Barabara ile ya Oicha tunaijua wote, sitaieleza. Mama Katungu aliuliza kwanza kwa watu wanaopita kila siku, akaambiwa leo ni shwari, akaomba kwa sauti mpaka dereva wake akasema amina. Nilikaa nyuma roho mkononi. Kwenye kizuizi mwanajeshi mmoja kijana alituuliza kwa Kilingala, "Ba mama, bozokende wapi?" Katungu akamjibu kwamba tunakwenda kuona mzee wetu. Akatuangalia, akainua kamba. "Bokende malamu," akatutakia safari njema.

Mbau, kando ya barabara, watu walikuwa wameanika kakao juu ya maturubai, na harufu yake kali kidogo kama ya pombe ilijaa hewani. Wanawake waliuza ndizi na mawese, pikipiki zilipita, maisha yalikuwa yanaendelea kama kwingine. Tulimuuliza mwanamke aliyekuwa akigeuza kakao kwa mguu: unajua Paluku wa mama Kanyere?

"Muzee Paluku? Eko pale, nyuma ya kanisa. Nani hamujui?"

Alikuwa ameketi uani, anachambua kakao, anatupa mbovu pembeni. Akainua uso. Alikuwa papa mtupu. Paji lile, mabega yale ya mtu anayetaka kusimama. Hata kukohoa kabla ya kusema ilikuwa kukohoa kwa papa. Nusura nimwite papa.

"Karibuni. Munatoka wapi?"

"Butembo, muzee. Mimi ni Masika. Natumwa na papa yangu." Nikasogea karibu. "Papa anaitwa Kakule."

Aliacha kakao.

"Kakule," akasema. "Nilijua kama kuko Kakule. Mama yangu Kanyere hakunifichaka kitu, aliniambia mimi ni wa tatu kule. Donc kama yule mama alizaa tena mwanaume, lazima ikuwe Kakule. Kila Kakule mwenye alipita hapa na mizigo ya Butembo, nilimuangaliaka uso. Kila moja. Batu baliwaza niko na wazimu."

Nilianza kulia. Sikuona haya. Yeye hakulia, alimwita mjukuu wake alete viti na maji. Kisha akauliza, taratibu sana, "Yule mama alinililia?"

"Alilia mpaka babu alikataza jina yako."

Akatikisa kichwa mara nyingi. "Basi. Mimi nilijua walinitoa kwa moyo moja tu. Hilo sikulijua, la kulia."

Tulikula kwake. Alitaka kusikia yote: kaka zake walikufaje, papa alioa nani, ana watoto wangapi. Nilimweleza habari ya Irlande na karatasi, akacheka kwamba wazungu nao wanapotezana. Nikaona kazi imekwisha. Nikamwambia habari ya Jumamosi, kwamba papa amekataa kufungua mkutano mpaka apate habari zake, kwamba kiti cha mkubwa ni chake, kwamba pengo kwenye karatasi linamngoja, Kasereka, mahali pa wa tatu.

Akainuka. "Kuya," akaniambia, nikamfuata.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na kaburi la saruji, limefagiliwa, maua mekundu pembeni. Kanyere.

"Huyu, mbele mimi nifike, walimuita mugumba. Bwana yake alikuwa ameisha kufunga vitu vyake amurudishe. Nilipofika aliniita Paluku, na toka siku ile akakuwa mama Paluku. Hakuzaa mwingine. Sasa nikienda kwenu muniandike Kasereka, wa tatu wa mama mwingine, huyu atarudia kukuwa nani?"

Nikakasirika. Nilikuwa nimepita barabara ile. Nilikuwa nimemwona yule mtu na mke wake kule Beni. "Muzee," nikasema, "papa anazeeka. Amekuwa mukubwa ya batu yote muda murefu. Anataka tu kukuwa mudogo ya mutu mbele ya kufa. Unamunyima ile?"

"Na mimi nataka huyu abakie mama." Hakupandisha sauti. "Umusalimie mudogo yangu sana. Umuambie namupenda, na sikumuona. Mais mimi ni Paluku."

Akanipa kidumu cha mawese, akatusindikiza hadi barabarani. Wakati pikipiki inaondoka niligeuka, alikuwa bado amesimama.

Nilirudi Butembo Alhamisi nikiwa na mawese na moyo mzito. Papa alikuwa ananingoja kwenye baraza, amevaa shati safi. Sikutaka kuzunguka. Nikamwambia: ni mzima, ana wajukuu, anakukumbuka bila kukuona, na hatakuja. Nikamweleza kwa nini, habari za kaburi na zote.

"Anafanana na nani?" papa akauliza.

"Na wewe. Mpaka kukohoa."

Papa akacheka, na ndani ya kicheko machozi yakamtoka, akayaacha yashuke. Sikuwahi kumwona analia, hata kwa mazishi ya mama. Kavira alikuja na kalamu, mpole, akasema tunaweza kumwandika Kasereka hata kama hayupo, Irlande wanaandika hata walio mbali.

"Hapana," papa akasema. "Andika shangazi yangu. Kanyere. Chora mustari kutoka kwake, na chini uandike Paluku. Mahali ya wa tatu uache vile iko."

Hapo ndipo nilipoangalia karatasi vizuri. Mabinti wa ukoo, tangu mababu, walikuwa wameandikwa jina tu na kuachwa hapo, kama njia iliyokatika, kwa kuwa watoto wao ni wa ukoo mwingine. Kanyere hata hakuwepo. Kavira alipochora mstari wake, dada wa papa aliyekuwa jikoni akatoka na mikono ya unga: na wa kwangu? Shangazi mwingine akauliza kama yeye alizaa mawe. Kabla usiku haujaingia, kila binti wa ukoo aliyekuwapo alikuwa amesimama mbele ya ukuta akidai watoto wake. Karatasi ya Irlande ikajaa. Tulienda sokoni kununua karatasi za kufungia mizigo, tukaziunganisha kwa gundi ya unga wa muhogo.

Jumamosi watu walijaa uani chini ya turubai. Katekista alikuwepo, mchungaji alikuwepo, kuku zilikuwa tayari, kasiksi, pombe yetu ya ndizi, imechujwa. Watu walitembea mbele ya ukuta wakitafutana. Mzee wa Lubero alimkuta mama yake pale, binti wa ukoo aliyeolewa mbali, na wanawe wote chini yake, akasimama pale muda mrefu na kofia mkononi. Lakini papa alikuwa amekaa kando, kwenye benchi la wageni. Kiti cha mkubwa kilikuwa wazi. Katekista alimwendea mara moja, akamwendea tena. "Bado," papa akasema. Nilimwomba mimi mwenyewe. Nikamwambia nimeshafika Mbau, nimeshasikia hapana kwa masikio yangu, watu wana njaa. "Bado, Masika."

Jua lilikuwa limepita kichwani pikipiki iliposimama langoni. Akashuka mzee aliyejifunga makoti na shali, kofia mpaka kwenye macho, anatetemeka kwa baridi yetu. Nyuma yake Mama Katungu alikuwa anashuka kwenye pikipiki nyingine, anatabasamu kwa meno yote. Nilimtambua mara moja. Nikataka kumkimbilia, nikabaki nimesimama.

Hakusalimu mtu. Alipita katikati ya watu moja kwa moja hadi jikoni, akafunua sufuria, akachukua paja la kuku, akatoka nalo akilitafuna.

"Mwihwa amefika!" akasema kwa sauti kubwa. "Mutoto ya Kanyere! Kwa bajomba yangu batu banakaa na njaa hivi, juu ya nini?"

Uwanja mzima ukalipuka kwa kicheko na vigelegele. Kwetu mwihwa, mtoto wa binti ya ukoo, ana haki ya kuingia kwa wajomba zake na kuchukua anachotaka, na hakuna wa kumzuia. Anaweza hata kukalia kiti cha mkubwa kwa utani. Mzee huyu alikuwa amepata mlango ambao sisi wote, na karatasi yetu, hatukuuona. Alikuja bila kumwacha mama yake nyuma. Akatafuta kiti kilicho wazi, akakikalia, akaendelea na kuku wake.

Papa alisimama. Alimwendea polepole, wakaangaliana, na watu waliokuwa karibu wakaacha kucheka, maana walikuwa wanaona uso mmoja mara mbili. Papa akainama mbele yake.

"Mwihwa," akasema, "utupatie ruhusa tuanze?"

Wengi walidhani ni utani unaendelea, wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nimesimama karibu, nikaona papa hakuwa anatania.

"Muanze," yule mzee akasema.

Ndivyo mkutano ulivyofunguliwa. Katekista akaomba, mchungaji akaomba zaidi, tukala.

Mimi niliondoka Butembo nikiamini kwamba ukoo ni kumrudisha kila mtu mahali pake. Nimerudi nikijua kwamba mtu anaweza kuwa na mahali pawili, na kwamba ukimvuta kwa nguvu kwenda upande mmoja unamvunja mwingine ambaye huenda yuko kaburini na hana wa kumtetea. Kavira amepiga picha karatasi yote kipande kwa kipande ampelekee bibi yake wa Irlande. Anasema atamweleza habari ya wanawake. Mimi namkumbuka pia yule Kasereka wa Beni na mke wake. Nilimwomba Mama Katungu amtafute, awe anawaalika kula Jumapili. Amekubali, ingawa amesema mtu huyo hataweza kusema neno mezani kwake.

Watu walipoanza kuaga, papa alimwingiza mgeni wake sebuleni apumzike, mbali na kelele. Nilipeleka maji ya moto, maana mzee bado alikuwa na baridi. Mlango ulikuwa wazi nusu. Papa alikuwa amekaa chini kwenye kigoda, na mgeni juu kwenye kiti cha mto. Tangu kaka zake wafe, hakuna mtu anayemwita papa kwa jina lake tupu. Kwa wote ni Papa, Mzee, Babu.

"Yaya," papa akasema kwa sauti ndogo, neno la mdogo kwa kaka yake mkubwa, akilitamka kama mtu anayejaribu neno la lugha ya wageni.

Nikafikiri yule mzee atakataa, atasema tena mimi ni Paluku. Akakohoa.

"Sema, Kakule."